Kwa nini «Kindergarten» iitwe bustani, na bustani yenyewe iko wapi?

Baba Neema, Morogoro

Habari zenu ndugu zangu. Mimi ni katibu wa kamati ya wazazi katika shule moja ndogo ya watoto hapa Morogoro, na nimekuja kwenu na jambo ambalo kwa wengine litaonekana dogo, ila kwetu limekwisha kula vikao viwili. Kibao cha shule kimeliwa na kutu, na mzazi mmoja amejitolea kugharimia kipya. Kile cha zamani kiliandikwa «Kindergarten», neno ambalo wengi wetu hulitamka «kindagateni» bila kujiuliza limetoka wapi. Tulipokubaliana kwamba kipya kiandikwe kwa Kiswahili, ndipo maneno yalipoanza: wapo wanaotaka «chekechea», wapo wanaosisitiza «elimu ya awali» kwa kuwa ndiyo lugha ya serikali, na kijana mmoja aliyesomea lugha chuo kikuu akasema kwamba tafsiri iliyo sahihi ni «bustani ya watoto», kwa sababu neno ni la Kijerumani na ndivyo linavyosema. Mzee mmoja aliyekuja kumwakilisha binti yake akamuuliza kwa upole, «Mjukuu wangu, bustani yenyewe umeiona wapi?» Kikao kizima kikacheka, maana uwanja wetu umesakafiwa kwa zege kuanzia getini hadi jikoni, na kitu cha kijani kilichopo ni mlango wa choo.

Nimecheka na wenzangu, lakini swali la mzee limenikaa kichwani. Naomba kuelimishwa na wanaofahamu: nani alilibuni neno hili, na alikuwa na maana gani? Je, bustani ilikuwa bustani kweli, yenye udongo na mimea, au ni fumbo tu la kusema kwamba watoto ni maua? Na kama mtu alitaka kuanzisha shule, kwa nini hakuiita shule?

Mwalimu Mstaafu, Tanga

Baba Neema, swali la mzee huyo ni zuri kuliko alivyodhani, na nitakujibu kwa urefu kidogo kwa kuwa niliwafundisha walimu wa watoto wadogo kwa miaka mingi na kila mwaka nililikuta neno hili likitumiwa na watu wasiojua kwamba lina baba.

Baba yake ni Friedrich Fröbel, aliyezaliwa mwaka 1782 katika kijiji cha Oberweißbach, kwenye milima ya misitu ya Thuringia, Ujerumani. Mama yake alifariki yeye akiwa na umri wa miezi tisa. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kilutheri mwenye kazi nyingi, na mtoto akakua kwa kiasi kikubwa peke yake, akishinda katika bustani ya nyumba ya mchungaji. Alipofika ujana alipelekwa kujifunza kazi kwa bwana misitu mmoja, na baadaye, baada ya kuhangaika na masomo na kazi za aina kadhaa, akaajiriwa ualimu mjini Frankfurt mwaka 1805. Kuanzia 1808 hadi 1810 alikaa Yverdon, Uswisi, kwa Johann Heinrich Pestalozzi, mwalimu aliyekuwa akivuta wageni kutoka Ulaya nzima kwa kufundisha kwa vitu vinavyoonekana na kushikika badala ya kukariri. Kisha, jambo ambalo watu husahau, Fröbel alisoma elimu ya madini na kufanya kazi Berlin chini ya Christian Samuel Weiss, mtaalamu wa fuwele, yale mawe ya asili yenye nyuso zilizonyooka, kazi yake ikiwa kuzichunguza na kuzipanga. Nikitazama vitu vya kuchezea alivyobuni uzeeni, naona mkono wa mtu aliyekaa muda mrefu na fuwele, anayeamini kwamba kitu hukua kwa kufuata kanuni iliyomo ndani yake chenyewe.

Sasa tuje kwenye neno. Mwaka 1837 alifungua katika mji mdogo wa Blankenburg, ambao leo huitwa Bad Blankenburg, mahali pa watoto wasiofikia umri wa shule. Mwanzoni mahali hapo palikuwa na jina refu la kuchosha, ambalo ukilileta kwa Kiswahili lingekuwa kama «Taasisi ya Kulea, Kucheza na Kushughulisha». Ni jina la mtu anayejua anachokifanya lakini hajapata neno lake. Wanafunzi wake wamesimulia kwamba mwaka 1840 alikuwa akitembea kwa miguu na wenzake, Wilhelm Middendorff na Johannes Barop, wakipita mlimani kutoka Keilhau kwenda Blankenburg, huku akilalamika kwamba hapati jina linalofaa. Walipofika mahali ambapo bonde lote linaonekana chini yao, alisimama ghafla kama aliyepigwa na kitu, akapaza sauti kwamba amelipata: Kindergarten. Tarehe 28 Juni mwaka huohuo jina likatangazwa rasmi, katika siku ambayo Wajerumani walikuwa wakiadhimisha miaka 400 ya uchapaji wa Gutenberg, na Fröbel akawaomba wanawake wa Ujerumani wachangie kwa kununua hisa za thaler 10 (sarafu ya Kijerumani ya wakati ule) kila moja. Hisa hizo hazikununuliwa sana. Jina ndilo lililonunuliwa na dunia nzima.

Kuhusu bustani yenyewe, jibu langu kwa mzee ni kwamba ilikuwa bustani kweli. Fröbel alieleza jinsi inavyopaswa kupangwa: katikati kuna vijituta vidogo, kila mtoto na chake, na kuzunguka vijituta hivyo kuna matuta ya wote, upande mmoja maua na upande mwingine mboga na nafaka. Kwenye kijituta chake mtoto hupanda anachotaka na kukitunza anavyotaka, na akikosea, mmea wenyewe humwambia kwa kunyauka. Kwenye tuta la wote analazimika kupatana na wenzake. Kwenye kila kijituta huwekwa kibao chenye jina la mtoto na jina la mmea. Ardhi ikiwa ndogo, watoto wawili hugawana kijituta kimoja. Hata mpangilio ulikuwa na hoja, kwamba cha wote kikizunguke na kukilinda cha mmoja, na cha mmoja kisitengwe na cha wote.

Fumbo nalo lipo, silikani. Kwa Kijerumani neno limeunganishwa kwa namna inayobeba maana zote mbili kwa pamoja: bustani iliyo mali ya watoto, na bustani ambamo watoto ndio wanaokua. Mwanamke anayewalea aliitwa Kindergärtnerin, yaani mtunza bustani wa kike. Nawaomba hapa mlinganishe na semi zetu. Sisi husema udongo uwahi ungali maji, na samaki mkunje angali mbichi. Katika semi hizo mbili mtoto ni kitu kinachofinyangwa au kukunjwa, na sura atakayokuwa nayo imo mikononi mwa mkubwa. Mtunza bustani hana uwezo huo. Anaweza kumwagilia, kupalilia, kuweka kivuli na kufukuza mbuzi, lakini hawezi kuuvuta mchicha kwa vidole ili urefuke, na wala hawezi kuifanya mbegu ya bamia itoe nyanya. Ndiyo sababu Fröbel hakutaka neno shule. Shule, kwa watu wa wakati wake, ilikuwa mahali ambapo mkubwa anaweka kitu ndani ya mtoto. Yeye alitaka mahali ambapo mkubwa anatunza kilichokwishawekwa na Mungu.

Msomaji wa Kaluta

Namshukuru Mwalimu kwa maelezo yake, ila naona haki ya watu wengine isipotee. Fröbel hakuwa wa kwanza kuwakusanya watoto wadogo. Katika milima ya Vosges, mchungaji Johann Friedrich Oberlin alikuwa na vikundi vya watoto tangu takriban mwaka 1770, wakiongozwa na wanawake vijana waliowafundisha kufuma, nyimbo na majina ya mimea. Robert Owen alifungua shule ya watoto wachanga wa wafanyakazi wa kiwanda chake cha pamba huko New Lanark, Scotland, mwaka 1816. Ujerumani kwenyewe kulikuwa na nyumba za kuhifadhia watoto wa maskini wakati mama zao wako kazini, na jina lake la Kijerumani, Bewahranstalt, maana yake ni hiyo hasa: mahali pa kuhifadhi, kama unavyoacha mzigo kwa jirani ukaurudie jioni.

Kwa hiyo jipya halikuwa kuwakusanya. Nyumba ya kuhifadhi ipo kwa ajili ya mama anayefanya kazi, na shule ya wachanga ya Waingereza ilikuwa maandalizi ya shule, watoto wakipangwa kwenye ngazi za mbao wakiitikia kwa pamoja. Fröbel alidai kwamba mchezo wa mtoto wa miaka minne ni kazi nzito yenye thamani yake yenyewe, hata kama mama yuko nyumbani na hata kama shule haipo. Hilo halikuwa limesemwa kwa uzito ule.

Na si kila mtu alilipenda. Tarehe 7 Agosti 1851 serikali ya Prussia, kupitia waziri wake wa elimu Karl von Raumer, ilizipiga marufuku bustani za watoto katika ufalme wote kwa madai kwamba ni sehemu ya njama ya kijamaa na kwamba zinawalea watoto katika kutomwamini Mungu. Ilikuwa miaka mitatu tu baada ya mapinduzi ya 1848, na wakubwa walikuwa wakiogopa hata kivuli. Sehemu ya kosa ilitokana na kuchanganya majina: mpwa wa Friedrich Fröbel, aitwaye Karl Fröbel, alikuwa ameandika kijitabu chenye mawazo ya kisiasa kuhusu vyuo vya wasichana na bustani za watoto, na waziri akawaona wawili hao kuwa kitu kimoja. Mzee Fröbel alieleza, akaandika barua, hakusikilizwa. Alifariki tarehe 21 Juni 1852, na marufuku ikaondolewa mwaka 1860, baada ya juhudi kubwa za mwanafunzi na mtetezi wake, Bertha von Marenholtz-Bülow. Kaburi la Fröbel liko Schweina, na juu yake kumejengwa tufe, mcheduara na mchemraba, vile vitu vitatu alivyokuwa akiwapa watoto kuchezea.

Bint Hamad, Muscat

Assalamu alaikum. Mimi ni mzaliwa wa Unguja ninayeishi Muscat, na watoto wangu wawili wamepita mahali ambapo hapa huitwa rawdha, kwa kirefu raudhatul-atfaal, na raudha kwa Kiarabu ni bustani. Kwa hiyo yule kijana wa Morogoro asichekwe sana. Waarabu wamefanya hasa alichopendekeza, na neno limezoeleka kiasi kwamba mama anayemkimbiza mwanawe rawdha asubuhi hafikirii maua hata kidogo. Kwetu pwani pia neno hili si geni, maana ziko skuli ndogo za Kiislamu zinazojiita hivyo, na kila aliyekwenda Madina anaijua Rawdha ya Msikiti wa Mtume, mahali panapotajwa kuwa ni bustani miongoni mwa mabustani ya Peponi. Kwa masikio yetu, basi, neno linabeba harufu ambayo Kijerumani hakina.

Wengine waliotafsiri moja kwa moja ni Warusi, ambao husema detski sad, Waisraeli na gan yeladim yao, Wadenmark, Wanorwei na wasemaji wa Kihispania. Waturuki hawakutaka bustani. Wao husema anaokulu, yaani skuli ya mama. Wahungaria walijenga neno kutokana na kitenzi cha kulinda. Waingereza na Wamarekani ndio waliolichukua kama lilivyo, bila kulibadilisha hata herufi.

Lakini naomba niulize jambo moja kabla hatujalikimbilia neno la Mjerumani. Babu zetu walikuwa na mahali pa watoto wadogo muda mrefu kabla ya 1840, napo ni chuoni, yaani shule ya Kurani. Mtoto wa miaka minne au mitano alipelekwa na ubao wake kwa mwalimu au kwa bibi mmoja wa mtaani, akaanza alifu, bee, tee. Hakukuwa na bustani, na bakora ilikuwepo, nisifiche. Hata hivyo alikuwa na wenzake, akijifunza adabu, akijifunza kusalimu na kusubiri zamu. Ndio maana miaka ya 1980, walipoanza kule Mombasa kuunganisha malezi ya kisasa ya watoto wadogo na mafunzo ya madrasa, na baadaye Zanzibar na Uganda, wazazi waliyapokea. Walikuta vyombo vya kuchezea vilivyotengenezwa kwa vifuu, makuti na vizibo, ndani ya mahali walipopaamini tayari.

Mwalimu Mstaafu, Tanga

Bint Hamad, waalaikum salaam. Nakubaliana nawe kuhusu chuoni, nami ni mtoto wa chuo. Hiyo habari ya vifuu na vizibo ndiyo inayonifurahisha, kwa sababu inatupeleka kwenye kitu ambacho mwenzetu alikigusa tu na nisingependa tukipite haraka.

Fröbel aliviita vitu vyake vya kuchezea «zawadi», na zilikuwa na mpangilio. Zawadi ya kwanza ni mipira sita midogo ya sufu yenye kamba, kila mmoja na rangi yake: mwekundu, wa machungwa, wa manjano, wa kijani, wa buluu na wa zambarau. Ya pili ni tufe, mchemraba na mcheduara wa mbao. Tufe linabingirika na halina upande. Mchemraba unakaa na una nyuso. Mcheduara unafanya yote mawili, na hivyo unawapatanisha wale wawili. Mtoto haambiwi maneno hayo. Anavishika, anavifunga kamba, anavizungusha haraka na kuona mchemraba unaozunguka ukigeuka machoni pake kuwa mcheduara. Zawadi ya tatu ni mchemraba uliokatwa kuwa vijimchemraba vinane, na hapa ndipo mtoto anapofurahi kuliko popote, kwa kuwa sasa anaweza kukivunja kitu bila kugombezwa, kisha akakirudisha kizima. Zawadi zinazofuata hugawanya mchemraba kwa njia nyingine, na mpangilio wa vipande unazidi kuwa mgumu. Baada ya hapo huja kazi za mikono: kukunja karatasi, kusuka vipande vya karatasi, kutoboa, kufinyanga udongo, kuunganisha vijiti kwa njegere zilizolowekwa.

Msanifu majengo wa Marekani, Frank Lloyd Wright, alipewa zawadi hizo na mama yake baada ya mama huyo kuziona kwenye maonyesho makubwa ya Philadelphia mwaka 1876, na hata alipokuwa mzee alisema kwamba vile vibao vya mbao vilibaki vidoleni mwake. Sisemi kwamba kila mtoto akipewa vibao atajenga maghorofa. Nasema kwamba kama tungetaka kumfuata Fröbel kwa dhati hapa kwetu, vifuu vinane vya ukubwa mmoja vingemfaa mtoto kuliko midoli ya plastiki inayoimba yenyewe na kumwachia mtoto kazi ya kusikiliza.

Mama Wangari, Nakuru

Hamjambo nyote. Huku kwetu Kenya tulizoea kusema nasari, na sasa mtaala mpya umetuletea PP1 na PP2 kwa madarasa mawili ya awali, majina ambayo yangefaa zaidi kwa vipuri vya gari. Nasari yetu ni neno la Waingereza wala si la Fröbel, na historia yake ni nyingine: ndugu wawili wa kike, Rachel na Margaret McMillan, walianzisha shule ya wazi ya watoto huko Deptford, mtaa wa maskini mjini London, mwaka 1914, ambapo watoto waliogeshwa, wakalishwa na kulazwa hewani kwa sababu wengi walikuwa na magonjwa yanayotibika kirahisi. La kuvutia ni kwamba hata wao walikuwa na bustani. Walianza na afya ya mwili wakafika kwenye bustani, ilhali Fröbel alianza na bustani.

Ninaloomba kujua ni hili. Ikiwa mwanzilishi alikataa neno shule, na kama mchezo ndio kazi ya mtoto, imekuwaje mjukuu wangu wa miaka minne arudi nyumbani na daftari tatu za kazi za nyumbani na mtihani wa muhula wenye nafasi ya mtoto darasani? Aliambiwa ni wa kumi na saba. Wa kumi na saba katika nini?

Mwalimu Mstaafu, Tanga

Mama Wangari, pole kwa mjukuu. Kwa maoni yangu mabadiliko yalianzia neno lilipovuka bahari. Bustani ya kwanza ya aina hiyo Marekani ilianzishwa na Margarethe Schurz, mwanamke wa Kijerumani, mjini Watertown, Wisconsin, mwaka 1856, kwa ajili ya binti yake na watoto wachache wa jamaa, na walizungumza Kijerumani. Elizabeth Peabody, aliyekutana naye, akafungua ya Kiingereza mjini Boston mwaka 1860. Peabody alikuwa mwaminifu kiasi cha kustaajabisha: alipokwenda Ujerumani mwaka 1867 kujionea kazi ya wanafunzi wa Fröbel, alirudi akikiri hadharani kwamba alichokuwa akiendesha hakikuwa Kindergarten, kilikuwa shule ya wachanga yenye jina jipya. Ni walimu wangapi wa leo wangekiri hivyo?

Hatua kubwa ni ya mwaka 1873, mjini St. Louis, ambapo Susan Blow alianzisha Kindergarten ya kwanza ya umma nchini humo ndani ya shule ya serikali, akisaidiwa na msimamizi wa elimu wa mji, William Torrey Harris. Harris alikuwa na sababu njema. Watoto wa mitaa ya viwanda waliacha shule wakiwa na miaka kumi hivi ili wakafanye kazi, kwa hiyo aliona kwamba kama mlango wa kutokea hausogezwi mbele, basi wa kuingilia usogezwe nyuma, wapate miaka zaidi. Lakini ukishaiweka bustani ndani ya jengo la shule, kwa kengele ya shule, kwa bajeti ya shule, na mwalimu wa darasa la kwanza akiwa chumba cha pili anakuuliza kwa nini watoto wako hawajui herufi, basi bustani huanza kufanana na jirani yake. Ndiyo maana Kindergarten ya Marekani leo ni mwaka mmoja wa kabla ya darasa la kwanza, ilhali ya Ujerumani bado ni ya watoto wa miaka mitatu hadi sita na haimo katika mfumo wa shule.

Kwetu Tanzania njia imekuwa hiyohiyo. Sera ya elimu ya mwaka 2014 iliifanya elimu ya awali kuwa sehemu ya elimu ya msingi, na darasa la awali likawekwa kwenye shule ya msingi. Nia ni nzuri, kwa sababu mtoto wa kijijini asiye na kituo cha kulipia naye amepata mahali. Ila darasa likijaa watoto themanini na mwalimu mmoja, hakuna tena wa kumwachia mtoto achague mbegu.

Msomaji wa Kaluta

Kuna jambo la lugha ambalo kila mtu analitumia na hakuna aliyelitaja. Neno letu shule lenyewe tumelipata kwa Wajerumani, wakati wa utawala wao, na ndio maana Bint Hamad anaandika skuli, kwa kuwa Zanzibar ilikuwa chini ya Waingereza. Kwa hiyo tulichukua kutoka Kijerumani neno ambalo Fröbel alilikataa, tukaliacha alilolibuni, na baadaye tukaliokota lile la pili kwa Waingereza waliokuwa wamelikopa hukohuko.

Kuhusu majina yetu wenyewe, sioni kwamba ni maskini. Chekechea ni neno linalowataja watoto wadogo wenyewe, ndiyo maana husemwa «shule ya chekechea». «Shule ya vidudu» ni utani wa mapenzi, na mtu yeyote aliyewahi kuwaona watoto thelathini wakitoka nje kwa wakati mmoja anajua limetoka wapi. «Maandalizi» la Zanzibar ni neno la wazi lakini lina kasoro moja: linasema kwamba miaka hiyo ni ya kujiandaa kwa kitu kingine. «Awali» nalo ni hivyohivyo. Zanzibar wana jina jingine ambalo naona lingemfurahisha Fröbel kuliko yote, nalo ni vituo vya TuTu, yaani Tucheze Tujifunze.

Kama mnataka sura ya bustani lakini «bustani ya watoto» inawachekesha, mbona msiseme kitalu? Kila mkulima wa Morogoro anajua kitalu ni nini: miche inaoteshwa kwa pamoja, chini ya kichanja cha nyasi, inamwagiliwa asubuhi na jioni.

Mama Wangari, Nakuru

Kitalu ni neno tamu, lakini lina tatizo lilelile ulilolikosoa kwenye maandalizi. Mche uko kitaluni ili ung'olewe ukapandwe shambani. Hakuna anayekula kitaluni. Nilivyomwelewa Mwalimu, mzee Fröbel hakuwa akiotesha miche ya darasa la kwanza. Mtoto wa miaka minne alikuwa akivuna mboga zake mwenyewe akiwa na miaka minne.

Baba Neema, Morogoro

Ndugu zangu, nawashukuru kwa moyo wote. Maelezo yenu niliyachapisha nikayasoma kwenye kikao cha Jumamosi, na sehemu ya vijituta ilinibidi niirudie mara mbili. Yule mzee alisikiliza akiwa ameegemea fimbo, kisha akauliza kila kijituta kilikuwa na upana gani. Sikuwa na jibu. Akasema si neno, futi mbili kwa nne zinamtosha mtoto kufika katikati bila kukanyaga, akainuka, akatoka nje kukagua ukuta wa nyuma wa jiko, ambako fundi aliishiwa saruji na kuacha udongo wazi wa hatua kama kumi na mbili hivi.

Tuna watoto arobaini na mmoja, kwa hiyo itabidi wawili wawili, na mmoja atagawana na mwalimu. Mchicha utakuja kwanza kwa sababu unaota upesi na watoto hawana subira. Mama mmoja ameahidi mbegu za bamia. Mbuzi wa jirani ni hoja inayojitegemea, tumeunda kamati ndogo. Jina la shule halikupigiwa kura, maana muda ulikwisha tukiwa bado tunapima, na kibao cha kutu kimebaki pale pale getini.